Mwandani Akipiga Deki

Saa tisa na dakika kumi usiku, mwanafunzi wa uuguzi alisukuma mlango wa leba kwa goti, trei mikononi, na kabla mlango haujarudi nikaona mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni wifi yangu, kitanda cha tatu, amelala kiubavu, ngumi imekaza kwenye chuma cha kitanda. La pili ni yule mama wa leso ya njano. Aliingia mle kwa kazi moja tu, kukaa na wifi. Alikuwa upande wa pili wa chumba, mgongo umeinama, anapiga deki.

Mlango ukarudi.

Niseme mapema, ili msisome mkisubiri msiba: hakuna aliyekufa usiku ule. Mtoto alizaliwa, akalia, na sasa ana wiki nane na mashavu ambayo kila mgeni lazima ayabonye. Lakini ile mopu imekataa kunitoka kichwani. Naosha vyombo, naiona. Niko kwenye matatu ya Kondele, naiona. Tangu usiku ule nimewaandikia makala mengine mawili hapa, ya mambo mengine kabisa, mkayasoma kwa upole, na nadhani mliona kwamba moyo haukuwepo.

Basi leo niandike juu ya mopu.

## Msindikizaji ni mmoja

Tulitoka Nyalenda, hapa Kisumu, saa nne usiku na tuktuk. Dereva akauliza, "Russia?", maana ndivyo mtaani tunavyoiita hospitali kuu ya rufaa. Nikamwambia hapana, kule kwingine. Na huko kwingine patabaki hivyo hivyo, bila jina, kwa sababu naamini mopu ile ningeweza kuikuta kwingi, kuanzia Busia hadi Nakuru.

Nilikuwa nimejipanga. Beseni, pamba, leso tatu, chupa ya uji wa wimbi, kitabu cha kliniki. Mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, na alama za vidole tulimaliza mchana, maana mtandao ule una tabia ya kulala na watu. Ndugu yangu, mwenye mke, alikuwa amekwama Malaba kwenye foleni ya malori, anapiga simu kila robo saa kuuliza kama "tayari", kana kwamba ni chapati.

Mlangoni, soja akanyoosha mkono. "Msindikizaji ni mmoja. Ndani si harusini."

Tulikuwa wawili. Mimi, na yule mama.

Nilishapiga hatua. Kwa nini nisipige? Mimba ile niliilea kama yangu, boda za kliniki nililipa mimi tangu mwezi wa nne. Wifi akanitazama, akamtazama mama wa leso ya njano, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Aingie mathe."

Hakuwa akinisema mimi.

Mama akatoa aproni ya buluu mfukoni, akaivaa juu ya leso yake, akaning'iniza beji shingoni. Soja akampisha. Nikabaki na chupa ya uji mkononi, nikaikumbuka wameshapita, nikalazimika kumbembeleza mwanafunzi mmoja aipeleke.

Nitakuwa mkweli: saa ya kwanza kwenye lile benchi sikuwa na wasiwasi juu ya uchungu wa mtu yeyote. Nilikuwa nimenuna.

## Siku hizi anashika mama

Huyu mama kule mtaani wanamwita nyamrerwa, jina ambalo kwetu huku linatosha kueleza maisha yake ya zamani. Alizalisha watoto nyumbani kwa miaka mingi kwa taa ya chemni. Uzazi ulipofanywa wa bure katika hospitali za serikali mwezi wa Juni 2013, wateja wakapungua, na baadaye ukaja mradi mdogo uliowakusanya akina mama kama yeye na kuwafundisha kazi mpya. Wamtembelee mjamzito nyumbani. Wamkumbushe kliniki. Wamfikishe hospitali mapema. Halafu, na hapa ndipo penye upya, wasimwache mlangoni, waingie naye.

"Zamani nilishika mtoto," aliniambia siku moja. "Siku hizi nashika mama."

Kwenye semina wanawaita dula. Neno la Kigiriki hilo, na mtu aliyelivumisha kwa maana ya leo ni mwanaanthropolojia wa Marekani, Dana Raphael, miaka ya 1970. Zamani huko Ugiriki maana yake ilikuwa mjakazi, mtumwa wa kike. Nilipolijua hili nilicheka peke yangu kwa uchungu kidogo. Pengine kule kwenye wadi kuna mtu aliyefungua kamusi.

Mimi nitamwita mwandani. Ndilo neno letu kwa mtu unayemwonyesha usichowaonyesha wengine.

## Halafu akaitwa

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, wifi alinisimulia. Sikumuuliza. Alikuwa ananyonyesha, macho kwenye mtoto, na maneno yakaanza kutoka yenyewe.

Alisema mama alimkalisha kwenye ukingo wa kitanda, akasimama nyuma yake, akaweka kisigino cha kiganja pale mgongo unapoishia, juu kidogo ya makalio. Hakukisugua kiuno ovyo. Alingoja. Uchungu ulipoanza kupanda, naye akaanza kusukuma, polepole, kwa uzito wa mwili wake wote. Ulipofika kileleni akashikilia hapo hapo bila kutikisika. Uliposhuka, naye akalegeza. Katikati alimpa uji, funda moja moja, na kumwambia maneno ambayo wifi hata hayakumbuki, anakumbuka tu kwamba kila sentensi ilianza na *nyathina*, mwanangu.

"Nilikuwa nauweza," wifi akasema. "Halafu akaitwa."

Aliitwa mara nne. Mara ya kwanza kupeleka chupa za damu maabara. Mara ya pili kumtafuta mume wa mgonjwa mwingine, aende akanunue dawa nje. Mara ya tatu kupiga deki, na hiyo ndiyo niliyoiona mimi. Mara ya nne wifi hajui ilikuwa nini. Anajua tu kwamba haja ya kusukuma ilimjia akiwa peke yake. Akapiga kelele, akaja mwanafunzi mwenye macho makubwa kuliko yake, na mtoto akatoka saa kumi na moja kasoro. Mama alifika akikimbia, mikono imelowa, kitovu kikiwa tayari kimekatwa.

"Hakunitupa," wifi akaniambia haraka, kama anayemtetea mtu mahakamani. "Aliitwa."

Nikamuuliza ilikuwaje mkono ulipoondoka.

Akafikiri kwa muda. "Ndipo nikajua kwamba nilikuwa naogopa."

## Niliyoyasoma usiku

Mimi nikishikwa na jambo husoma. Ni ugonjwa.

Hoja ya kuwa na mtu kando ya mama si mpya wala si ya huruma tupu. Mwaka 1980 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Guatemala: kina mama waliopewa mwanamke wa kukaa nao, mtu baki wasiyemjua hata jina, uchungu wao ulikuwa mfupi kuliko wa waliolala peke yao. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaozipima tafiti za afya kwa pamoja, yalikusanya majaribio 26 kutoka nchi 17, wanawake 15,858. Waliokuwa na mtu mfululizo walizaa kwa njia ya kawaida zaidi, waliopasuliwa walikuwa wachache, na waliondoka na manung'uniko machache. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaandika kwamba kila mama apewe mwandani wa chaguo lake, tangu uchungu hadi mtoto atoke.

Hayo mengi wengine wenu mnayajua. Lililonishika shati ni jambo dogo katika toleo la 2013 la mapitio hayo hayo. Walipolinganisha aina za wasaidizi, faida kubwa ilionekana pale ambapo mwandani hakuwa mfanyakazi wa hospitali na wala hakuwa jamaa ya mama. Ni mtu aliyepo kwa kazi hiyo moja, mwenye uzoefu, aliyefunzwa kidogo.

Si ndugu. Si wa hospitali.

Nusu ya kwanza ilinitibu manuno yangu ya benchini. Nusu ya pili ndiyo iliyonirudisha kwenye mopu. Kama nguvu yake inatokana na kutokuwa wa hospitali, sasa siku hospitali inapomkaribisha rasmi, ikampa beji, ikampa aproni, ikamwandika kwenye daftari la zamu, ile nguvu inabaki wapi?

## Nikaenda na Bungoma mfukoni

Kliniki ya wiki sita ilinipa kisingizio. Nilimsindikiza wifi na mtoto wakachanjwe, na moyoni nilikuwa na kesi. Kihalisi. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa mama mmoja fidia ya shilingi milioni 2.5 baada ya kujifungulia sakafuni katika hospitali ya serikali mwaka 2013, tena huku akitukanwa. Nilikuwa nimeisoma, nimeikariri, Kifungu cha 43 cha Katiba, kile cha haki ya afya, kiko ulimini. Nilimtafuta sista aliyekuwa zamu usiku ule nikiwa nimebeba Bungoma mfukoni kama jiwe.

Nikampata amekaa nyuma ya wadi, viatu amevua, anakula ndizi.

Nilianza vizuri. Nikamwambia niliyoyaona. Hakunikatiza hata mara moja. Alipomaliza ndizi, akakunja ganda vizuri, akasema:

"Usiku ule tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa thieta na mama wa kupasuliwa. Vitanda nane, kina mama kumi na mmoja. Wa kitanda cha kwanza alikuwa ametoka damu, ile damu ikatiririka hadi njiani. Mfagiaji wa usiku hatuna, mkataba wa kampuni uliisha. Wewe uliona mopu, dada. Mimi niliona mtu akiteleza na mtoto mikononi."

Jiwe likayeyuka mfukoni.

Akaendelea, si kwa hasira. "Mlipita vijijini mkisema kina mama waje hospitali. Si wamekuja?" Wamekuja kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta watoto 61 katika kila 100 wakizaliwa kituoni. Ule wa 2022 ukakuta 82. Ila takwimu hizo hazisemi kama sakafu imepanuka kwa kiasi hicho, wala kama wakunga wameongezeka.

Nikamwuliza kama angependa akina mama wa leso watolewe kabisa. Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana! Yule wenu ni mzuri. Mama aliyetulia anasikia ninachomwambia. Lakini usifikiri wote wako hivyo." Akanieleza kuhusu chupa za soda. Msindikizaji anakuja na chupa ya soda, ndani ni mitishamba ya kuharakisha uchungu, mama ananyweshwa chooni. Sista hajui, anaona uchungu unakwenda polepole, anaweka dripu ya oksitosini, dawa ya hospitali ya kuongeza uchungu. Dawa mbili zinakutana, tumbo la uzazi linajikaza bila kupumzika, na tumbo la uzazi linaweza kupasuka. "Likipasuka, anayeandikiwa barua ya kujieleza ni mimi. Yeye atarudi Nyalenda kuuza nyanya. Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Nilitaka kumjibu kwa methali pia, ile ya kutowatukana wakunga na uzazi ungalipo. Nilipoifikisha mdomoni nikagundua kwamba sijui ni mkunga yupi kati ya hao wawili ninayemtetea.

Tukaagana kwa heshima. Nilirudi nyumbani bila adui, na kuandika bila adui ni kazi ngumu.

## Na kama mama hataki?

Kuna jambo lingine ambalo nililikwepa kwa wiki mbili nzima kwa sababu lilikuwa linaniharibia makala.

Utafiti uliofanywa Migori, jirani zetu hapa, na kuchapishwa 2018, uliwauliza kina mama waliotoka kujifungua. Asilimia 67 waliruhusiwa kuwa na mtu wao muda wote wa uchungu. Mtoto anapotoka, idadi ilishuka hadi 29. Hapo nikawa nimeshaanza kunoa kalamu dhidi ya hospitali. Nikasoma mstari unaofuata: asilimia 63 ya kina mama wenyewe walisema hawakutaka mtu awepo wakati wa kujifungua.

Hawakutaka.

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa ya kidharau, na nayaandika ili muyaone: nilifikiri wamezoeshwa unyonge. Hawajui kizuri kwa kuwa hawajakionja. Nikampelekea wifi nadharia yangu hiyo akiwa anaanika nepi.

Akanicheka. "Unajua kwa nini sikukuchagua wewe?"

Nilikuwa nimesubiri jibu la swali hilo kwa wiki sita nikijifanya sikulisubiri.

"Niliambiwa kliniki kwamba ukisukuma, choo kinaweza kutoka. Sasa wewe tunakula meza moja kila Krismasi. Mathe ameona wangapi? Hata hakumbuki ni wangu au wa nani."

Kwa hiyo haikuwa unyonge. Ilikuwa ni hesabu. Na hesabu hiyo inaweza kumgeukia hata mwandani wa mtaani. Mama mmoja wa Manyatta aliniambia alimkatalia mwandani aliyepangiwa kwa sababu nyumba zao zinatazamana. Kitabu cha kliniki kina kurasa ambazo si za kila jicho, na katika Kisumu yetu kila mtu anajua ni kurasa gani na zinapima nini. "Akisoma pale," alisema, "kesho nitanunuaje sukuma wiki kwake?"

Miradi hupenda kusema mwandani "anatoka katika jamii" kana kwamba hilo ni sifa tupu, isiyo na upande wa pili. Jamii ndiyo inayosengenya. Mwandani wa mtaani anafaa ikiwa tu mama mwenyewe ndiye aliyemchagua, na ana ruhusa ya kubadili mawazo hata saa nane ya usiku.

## Herufi moja kwenye fomu

Rafiki yangu ni mkunga Nakuru. Nilimwandikia WhatsApp ndefu, akanijibu kwa picha: fomu tupu ya kufuatilia uchungu, ile mpya iliyotokana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020. Tulizoea patografu, ile fomu ya zamani, kuwa mambo ya sentimita na mapigo ya moyo. Hii mpya ina sehemu ya utunzaji wa mama, na mstari wa kwanza kabisa wa sehemu hiyo ni mwandani. Chini yake kuna nafuu ya maumivu, kinywaji, mkao. Kila mkunga anapompima mama, anaandika herufi. Y kama mwandani yupo. N kama hayupo. D kama mama mwenyewe amekataa. Na pembeni kuna safu ya tahadhari, ile inayokwambia lini ushtuke, na kwenye mstari huo iliyowekwa pale ni N.

Niliiangalia sana ile picha. Kwamba mama kuwa peke yake kumewekwa katika safu ile ile ya tahadhari na mapigo ya moyo wa mtoto yanayokwenda ovyo! Kuna mtu mahali fulani alipigania herufi hiyo, na simjui, na namshukuru.

Halafu nikamuuliza rafiki yangu: mwandani akiwa yuko chumbani lakini anapiga deki, mnaandika herufi gani?

Akatuma kikatuni cha kucheka. Kisha ikaonyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena anaandika.

"Tungeandika Y. Si yuko chumbani?"

Hapo ndipo nilipojua nimekuwa nikihangaishwa na nini wiki zote hizi. Ninachoogopa ni siku ambayo kila fomu itasema Y, asilimia 100, kaunti itapigiwa makofi kwenye mkutano hotelini, na kina mama watakuwa peke yao vile vile.

## Nani anamlipa

Hapa nitapita haraka, kwa sababu majibu yote yananiudhi.

Mama wa leso ya njano hulipwa na ule mradi shilingi 300 za nauli kwa kila mama anayemsindikiza, na zinachelewa. Wahudumu wa afya ya jamii, wale karibu 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 na mikoba yao, wameahidiwa 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. SHA inailipa hospitali 10,000 kwa mama aliyezaa kwa kawaida na 30,000 kwa aliyepasuliwa, na katika pesa hizo mkono wa kwenye kiuno hauna bei. Huko Marekani majimbo ya Oregon na Minnesota yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kumlipa dula kupitia Medicaid, bima ya serikali. Hapa kwetu ukimtaka kwa pesa yako wapo, Nairobi hasa, kwa wenye nazo.

Ukimlipa kwa kila mama anayemleta, unamfanya dalali. Familia ikimlipa, maskini amekosa. Hospitali ikimlipa, inchaji, mkuu wa wadi, ndiye bosi wake, na bosi akisema shika mopu, utashika.

Mimi naona alipwe na kaunti kupitia afya ya jamii, mshahara wa mwezi hata uwe mdogo, na msimamizi wake awe nje ya wadi. Alishwe kiapo cha siri kama cha muuguzi, na siku ya chupa ya soda afutwe bila mjadala. Na iandikwe, ibandikwe ukutani pale leba, kwamba mtu huyu hatumwi.

Tena kaunti iajiri mfagiaji wa usiku. Nisameheni, lakini nusu ya sera ya mwandani ni mfagiaji.

## Aproni

Juma lililopita nilikwenda Nyalenda kumwona. Nilimkuta kibandani kwake, anapanga nyanya mafungu ya ishirini ishirini, omena ziko juani juu ya gunia. Nilimpelekea sukari na majani, akapokea kwa mikono miwili, akanivutia stuli.

Sikujua nianzeje. Nikamwambia tu kwamba niliona mlango ulipofunguka.

"Nilikuona," akasema. "Ukafikiri nimemwacha mtoto wetu."

Nikanyamaza, maana ni kweli.

Akaingia ndani akarudi na ile aproni, imefuliwa, imepigwa pasi. Akainyosha juu ya magoti. Buluu. Akaniuliza kama niliwahi kuangalia wafagiaji wa mchana wa hospitali wanavaa nini. Sikuwahi. "Hii hii. Waliagiza kwa fundi mmoja, akatoa jora moja." Mwanafunzi mgeni akija zamu, daktari mgeni akija, anaona buluu. Anasema, wewe, njoo. Hajui kama huyu ni wa mama.

"Nikivaa aproni, naitwa. Nikivaa leso, naachwa nikae."

"Basi usiivae."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mwerevu kiasi. "Na soja?"

Nilikuwa nimemsahau soja. Bila aproni, mlangoni yeye ni mwanamke mwingine tu mwenye leso, na wa aina hiyo wamejaa kwenye benchi. Nilikuwa mmoja wao.

Akaniambia anavyofanya siku hizi, tangu usiku wa wifi. Mlangoni anaivaa, beji nje, anamsalimia soja kwa jina. Anapita naye mama hadi kwenye kona ya mabomba, pale soja haoni na masista bado hawajaona. Hapo anaivua. Anaikunja mara nne, anaiweka chini kabisa ya beseni la mama, chini ya pamba na chini ya leso, halafu anaingia leba na njano yake.

Amefanya hivyo kwa kina mama watatu. Ameitwa mara moja tu, na mama akakataa kumwachia mkono.

"Siku wakikuuliza aproni iko wapi?"

Alikuwa amerudi kwenye nyanya zake, anatoa iliyobonyea katika fungu, anaweka nzuri.

"Nitawaambia imelowa."